Mtoto Aliyeitwa Wewe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, na wa nyuma wasikie.

Hapo zamani za kale, babu zetu hawajazaliwa, palikuwa na kijiji na chemchemi yake. Maji yakitoka chururu, chururu, usiku na mchana, matete yameyazunguka. Mtoto akizaliwa, bibi yake humwogesha kwa maji yale, kisha humnong'oneza jina sikioni. Bila maji yale, hakuna jina.

Mwanamke mmoja wa pale, Sidi, alikuwa mjamzito. Akayatazama matete, akakunja uso.

"Haya yanatunywea maji bure! Tuyafyeke, tupande magimbi."

Mkwewe, Bibi Mbeyu, akamshika mkono. "Mwanangu, yaacheni. Ndiyo yanayoyafunika maji."

"Aa, Mama nawe! Majani tu hayo."

Kijiji kizima kikashika mapanga. Fyu! Fyu! Fyu!

Magimbi yalistawi, nani atakataa? Lakini jua likapata njia, kingo zikaporomoka. Chururu ikawa to... to... Kisha kimya. Tope tupu.

Sidi akajifungua mtoto wa kiume. Maji ya kunywa waliyafuata kwenye mto wa mbali. Lakini jina je? Watu wakamwita Wewe. Wewe akakaa, Wewe akatambaa. Sidi alilia jikoni, akausingizia moshi.

Bibi Mbeyu hakumsimanga hata siku moja. Mimi ningemsimanga, nanyi pia, msinidanganye! Yeye alikwenda kinamasini, akachimba vishina vya matete, akarudi kuvipanda. Mgongo umepinda, mikono inatetemeka. Sidi alipomwona hivyo, moyo ukamuuma. Akang'oa magimbi yake, machanga vilevile, akainama kupanda naye. Wenzake wakaona haya, wakafuata.

Masika yakaja, yakaenda. Matete yakasimama. Bibi Mbeyu akalala kitandani, asiweze kuinuka tena.

Asubuhi moja Sidi akasikia: to... to... to...

"Mama! Maji!"

Akambeba mkwewe mgongoni, mbio! Mtoto nyuma yao, tata, tata.

Yalikuwa maji ya kujaza kiganja tu. Bibi akamlowesha mtoto kichwani, akamnong'oneza sikioni. Kisha akamnong'oneza na Sidi.

"Haya, mwite mwanao."

Sidi akaita: "Mwaringa!"

Mtoto akageuka, akacheka.

Bibi Mbeyu hakukaa sana baada ya hapo. Lakini kila mtoto aliyeogeshwa pale, alitajiwa kwanza jina la bibi yule.

Basi wanangu, kabla hamjatia panga kando ya maji, waulizeni waliokunywa hapo kabla yenu. Hadithi yangu mimi imeishia hapo. Mwenye yake na aitoe.