Mguu wa Digidigi na Kipimo cha Fisi

Paukwa!

Pakawa.

Nauliza, palikuwa na nini?

Sema wewe, sisi tumekaa.

Palikuwa na mguu.

Mguu gani?

Wa nyuma, wa kushoto, na haukanyagi kama wenzake. Sogeeni basi. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, nataka kusikiwa.

Tumesogea. Lete.

Basi, mguu huo ulikuwa wa Digidigi, yule paa mdogo kuliko paa wote. Alinaswa na tanzi la mwindaji, akajivuta, akajivuta, akajing'oa. Digidigi alipona. Mguu haukupona. Tangu siku hiyo akitembea unasikia: tu, buruu. Tu, buruu. Tu ni miguu mizima, buruu ni ule unaoburutwa.

Nchi ile ilikuwa na ada nzuri. Mvua zikiisha, kila mnyama hupeleka sehemu ya mavuno yake kwenye pango la mlimani: matikiti ya porini, viazi, mtama. Kiangazi kikikaza, wasiojiweza hupewa fungu. Kipofu fungu, kilema fungu, mkongwe fungu. Na mpimaji wa mafungu alikuwa Fisi. Nani alimchagua Fisi? Msiniulize mimi. Waliomchagua wapo, na siku hiyo walilala wameshiba.

Sasa sikilizeni ubaya ulipoingilia. Ada ilisema masazo ya pango, mvua mpya ikianza, ni mali ya mpimaji. Kila tikiti lisilotolewa ni tikiti la Fisi. Nyinyi mnadhani Fisi aliyatoa?

Mwaka wa kwanza Digidigi alipewa kapu zima. Mwaka wa pili Fisi akatangaza kwamba wasiojiweza wote wapimwe upya. Wapi? Kwake. Mlimani, juu, kwenye mawe.

Digidigi akapanda. Tu, buruu. Tu, buruu. Akakaa, akahema, akapanda tena. Alipokaribia mlango akafanya kosa linalofanywa na kila aliyelelewa vizuri: akajifuta jasho, akanyoosha mgongo, akapiga hodi kwa sauti ya furaha. Kwa watu huendi unaguna.

"Hodi."

"Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Mtoto?"

"Hajambo."

"Na mguu je?"

"Salama tu, bwana. Tunashukuru."

Fisi akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Na huku umefikaje?"

"Nimetembea."

"Basi mguu salama, na kutembea unatembea. Kapu zima la nini? Nusu inakutosha."

"Lakini bwana, mimi—"

"Umesema mwenyewe, sikukulisha maneno. Tena shukuru umekuja. Kobe hakuja, nikamkata lote. Angekuwa na shida kweli, angekuja."

Mmeuona mzani huo? Ukifika, huna shida. Usipofika, huna shida. Hii-hii-hii, Fisi akacheka, akaingia ndani kupanga matikiti yake.

Digidigi akateremka na nusu kapu. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya, na maziwa yalikuwa yameanza kupungua. Nusu kapu lingeisha kabla ya wingu la kwanza kuonekana. Hilo alilijua, halikuhitaji hesabu.

Njia ya kupinga ilikuwepo. Kiboko ndiye aliyekuwa mkuu wa baraza, na alisikiliza mashauri ndani ya bwawa lake la tope. Lakini ada ilikuwa na mwiba: anayepinga kipimo huliweka fungu lake chini, mbele ya watu wote. Akishinda, analichukua na haki yake juu. Akishindwa, analiacha palepale, na mwaka mzima hapati hata mbegu.

Hapo ndipo Digidigi alipokosa raha. Hakukaa, hakulala, hakula akamaliza.

"Niende," alisema. Tu, buruu, mpaka kichakani.

"Nisiende." Tu, buruu, mpaka kwenye kichuguu.

"Niende. Nusu hii haitufikishi." Tu, buruu, kichakani.

"Nisiende. Nusu hii ndiyo niliyo nayo." Tu, buruu, kichuguuni.

Nyasi zikalala njia nzima. Mtoto alikuwa nyuma yake akitafuta chuchu, anaishika, inamponyoka, kwa sababu mama hasimami. Mguu ulimuuma, moyo ulimuuma zaidi, na kila akijiambia atulie, miguu ilikuwa imeshaondoka.

Jirani yake Kanga akaja kumtazama. Kanga ni mtu mwema, ila mdomo wake hauna mlango.

"Shoga, utachimba handaki hapa. Una nini?"

"Nataka kumpinga Fisi."

"Mwenzangu wee, acha. Nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu shari hainyonyeshi mtoto."

"Na watu je? Wanasema unajifanya. Walikuona juzi unakimbia."

"Nilikuwa namkimbia chui."

"Lakini ulikimbia."

Digidigi akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama tangu asubuhi. Alihisi aibu, kisha hasira, kisha hofu. Alimkimbia chui kweli, na baadaye akalala kutwa nzima hawezi kuinuka, lakini nani alikuja kumwona amelala? Watu humwona kilema akipita tu. Akianguka ndani kwake, hakuna shahidi.

Akaanza tena kutembea, huku anawaza kwa sauti. "Nikienda nitasema nini? Nikisema naumwa, wataniambia umefika. Nikilia, wataniambia najifanya. Mimi sisikilizwi. Anayesikilizwa ni Fisi." Tu, buruu. Tu, bu... Akasita, mguu hewani.

"Basi atasema Fisi," akajibu mwenyewe.

Akamgeukia Kanga, sauti chini. "Shoga, nina siri. Usimwambie mtu."

"Miye? Mdomo wangu kaburi."

"Unamjua yule nyati aliyekwama topeni pale bwawani, akafa? Nimesikia Kiboko atampa mtu siku ya shauri langu, mzima mzima, na mafuta yake. Lakini atampa mwenye mguu mbaya kuliko wote tu. Ukisikia kuna mwingine anayechechemea kunishinda, nionee huruma, usimwambie."

"Nife nikisema," akasema Kanga, naye alikuwa ameshaanza kukunjua mbawa. Kre-kre-kre! Kabla jua halijasogea, kaburi lilikuwa limefunguka nchi nzima, na la kwanza kusikia lilikuwa sikio la Fisi.

Siku ya shauri ikafika. Kiboko alikuwa topeni, macho na pua tu nje, kanuna, maana mashauri humkausha ngozi. Wanyama wamejaa ukingoni. Kobe naye yuko, alianza safari zamani. Digidigi akaja, tu, buruu, akaweka nusu kapu lake chini. Sasa kurudi nyuma hakuna.

"Habari yako, mama?" akauliza Kiboko.

Ulimi wa Digidigi ulishafika kwenye "nzuri". Mnacheka nini? Hata nyinyi wenu ungefika. Akaumeza. "Mbaya, mzee," akasema. "Habari yangu ni mbaya."

Watu wakaguna. Mkubwa hajibiwi hivyo. Lakini kabla hawajamaliza kuguna, wakasikia kutoka njia ya mlimani: tu, buruuu. Tu, buruuu. Lo, nani tena?

Alikuwa Fisi. Siku zile Fisi alikuwa na mgongo ulionyooka kama wa punda, na mwendo wa kujidai. Leo kiuno kimeshuka, miguu ya nyuma amekunja, ulimi nje, na kila hatua anaguna kwa watu wawili. Huku pua yake inamtafuta nyati.

"Fisi," akasema Kiboko, "habari za njiani?"

"Mbaya, mzee, mbaya sana. Mguu huu utaniua. Hata miwili. Nchi hii haina anayechechemea kama mimi."

Kiboko akashangaa, akainua masikio. Digidigi akasogea, akauliza kwa adabu, "Pole, bwana. Umefikaje hapa?"

"Nimetembea, hunioni?"

"Kutoka mlimani?"

"Kutoka mlimani."

"Basi unatembea," akasema Digidigi. "Huna shida."

Hapo Fisi akapandwa na hasira. Alimwona nyati anayeyuka mbele yake, mafuta na yote.

"Kufika ni kutembea? Wewe umeniona nilipofika. Uliniona nilipokaa chini njiani? Kesho utakuja kuniona nikishindwa kuinuka? Mtu anaweza kufika na bado akawa hajiwezi."

"Lakini jana ulimwambia Kanga hujambo," akasema Digidigi.

"Nilimjibu salamu! Salamu ni adabu, si mguu. Nani humwaga maumivu yake mlangoni mwa watu?"

"Rudia kidogo, bwana. Kobe masikio yake yamezeeka."

Fisi akarudia. Kwa njaa aliyokuwa nayo alirudia vizuri kuliko mwanzo, akapiga na kwato ambazo hana. Wanyama wengine walitazama chini, wale waliosema "lakini ulikimbia." Maneno hayo Digidigi aliyabeba kifuani tangu siku ile mlimani, na sasa aliyasikia yakitoka kwenye kinywa kilichomnyima.

"Nani aliyesema hayo?" akauliza Kiboko.

"Mimi, Fisi, mpimaji wa mafungu," akasema kwa kiburi.

"Basi mpimaji ameamua, nami nimechoka na jua. Digidigi arudishiwe kapu zima. Kobe arudishiwe lake. Kuanzia leo mpimaji ndiye atakayewafuata watu nyumbani kwao. Na wewe Fisi, pole sana. Sikujua unaumwa hivyo. Mgonjwa hafanyi kazi. Kazi ya kupima apewe Nungunungu. Wewe utapewa fungu la vilema."

"Na nyati, mzee?"

"Nyati yupi? Yule wa topeni? Tai walimmaliza kitambo."

Fisi alimtazama Digidigi, na macho yakawa mekundu. Angeweza kumrukia na kumtafuna pale pale, lakini baraza zima lilikuwa likimtazama miguu. Akiruka, ni mwongo, na hata fungu hana. Asiporuka, ni kilema. Akawaza, akapiga miayo, akageuka. Tu, buruuu. Tu, buruuu.

Tena Nungunungu ni mtu wa kutokea popote bila hodi, leo kichakani, kesho mtoni. Kwa hiyo Fisi hakuthubutu kunyoosha kiuno hata akiwa peke yake. Alichechemea msimu ule, akachechemea uliofuata, na alipotaka kuacha, kiuno kilikuwa kimeshazoea. Mtazameni hadi leo: mbele juu, nyuma chini, na haponi.

Digidigi akarudi nyumbani na kapu lake. Mguu haukupona kwa kushinda shauri, uliuma vilevile. Lakini jioni ile alisimama mahali pamoja, na mtoto akanyonya mpaka akaachia mwenyewe.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aichukue, aliyeichukia ampelekee Fisi.

Na funzo lake, maana najua mnalisubiri, ni hili: uamuzi wa mkubwa haupingwi. Ukikatwa fungu, nyamaza, shukuru, kaa kwako. Kulalamika si kazi ya wenye maumivu. Mguu ukikuuma, mtafute mkubwa mwenye njaa, aumwe kwa niaba yako.