Kwa Nini Mchumaji wa Uyoga Huonja wa Kwanza

Sogeeni, na yule mwenye tabia ya kubisha auweke ulimi kibindoni mpaka nimalize. Nyinyi mliomaliza shule mnaijua mito ya Ulaya kwa majina. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kwa habari za uyoga wa kichuguu hakuna wa kunifundisha hapa. Nimeuchuma, nimeukausha, nimeula kwa karanga mpaka chungu kikaomba msamaha. Basi nisikilizeni.

Kulikuwa na zamani ambayo vichuguu vyote vya msituni vilikuwa na upara. Mvua za kwanza zilinyesha, nyasi zikaota kila mahali, lakini juu ya kichuguu hakikutoka kitu. Uyoga ule mnene, mweupe, wenye mguu mrefu kama mpini wa mwiko, mchwa walikuwa nao peke yao. Waliulima chini kabisa, kwenye vyumba vyao vya udongo, wakaula, wakanyamaza. Wachoyo kweli wale.

Na watu wa juu, jamani, majira ya mvua yaliwatesa. Kiangazi nyama ilikuwepo, maana wanyama walikusanyika kwenye madimbwi machache na wawindaji wakajichagulia kama wako bandani. Mvua ikinyesha maji yapo kila mahali, na mnyama hana sababu ya kukusubiri. Mwindaji aliondoka na upinde, akarudi na mafua. Ghalani mtama umebaki wa kukwangua. Asubuhi ugali na mlenda, jioni ugali na mlenda. Mtu mzima huvumilia. Mtoto aliyeachishwa ziwa juzi hawezi. Tumbo linajaa, lakini miguu inavimba, nywele zinageuka rangi kama majani makavu, na kicheko kinampotea.

Mtoto wa namna hiyo alikuwa Mwashi, binti wa mwanamke aliyeitwa Kalunde. Alikuwa ameshaanza kutembea, akaacha. Aliketi pale alipowekwa, na nzi akitua usoni hakumfukuza. Kalunde alimtazama, akajua siku zinamwishia mkononi.

Akachukua jembe na kikapu, akaenda kwenye kichuguu kikubwa kuliko vyote kutafuta kumbikumbi, maana kumbikumbi wana mafuta. Akachimba asubuhi nzima. Kumbikumbi hakuwaona, siku zao za kuruka zilikuwa bado. Alichokiona ni chumba, na ndani yake amelala malkia wa mchwa, mnene kama muhogo wa mwaka wa pili, anameremeta. Kalunde akainua jembe.

"Subiri, mama," malkia akasema. "Ukiniua utanila jioni moja. Mwanao atahitaji jioni ngapi?"

Kalunde hakulishusha jembe, lakini aliuliza swali ambalo mimi namvulia kofia mpaka leo. Alisema, "Huna meno, huna upinde, huna mume mwindaji. Umenenepa kwa kitu gani?"

Malkia hakuwa na la kuficha tena. Akamwonyesha bustani yake, uyoga mdogomdogo kama punje za chumvi, umejipanga gizani. Akasema, "Nirudishie udongo wangu, uiache nyumba yangu isimame, nami kila mvua za kwanza nitausukuma uyoga mpaka juu ya paa. Uchume. Ila kila mara acha mmoja ufunguke na kuzeekea palepale, bustani isife."

Kalunde akamrudishia udongo kwa viganja vyake, akarudi nyumbani kikapu kitupu. Fikiria hapo: mtoto anakufa, na wewe umemwacha malkia mzima kwa ahadi ya mdudu! Lakini siku ya tatu mvua ilipokatika, kile kichuguu kilichokuwa na upara alikikuta kimevaa kofia. Uyoga ulikuwa umetoboa udongo mgumu ambao jembe lake liliulilia. Akachuma, akaacha mmoja.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kijijini kwao uyoga ulikuwa mwiko. Miaka ya nyuma nyumba nzima ilikula uyoga mwingine wa porini, na haikubaki hata mtu wa kusimulia. Mtemi akaamuru kwamba atakayemlisha mwenzake uyoga afukuzwe nchini. Kalunde alipofika, wa kwanza kumwona alikuwa Mihayo, mdogo wa mumewe, mwindaji hodari, hodari wa kiangazi.

"Shemeji!" akapaza sauti. "Leo unatupikia miavuli ya vyura?"

"Shemeji yangu, wewe mwezi mzima unatuletea matope ya miguuni. Hayo ndiyo niyaunge karanga?"

Watu wakacheka. Mtemi, aliyekuwa amekaa pale uwanjani, hakucheka. Alimwangalia Mwashi mgongoni mwa mama yake, akaangalia kikapu, akasema, "Mtoto hatapewa. Kitu usichokijua mwenyewe usikitie kwenye mdomo usioweza kukataa."

"Basi acha nikijue mimi kwanza, Mtemi."

Akaupika palepale uwanjani, kwa chumvi na karanga za kutwanga, na harufu ikawaleta hata waliokuwa wamenuna. Akala bakuli zima huku amempakata mwanawe. Mwashi, ambaye siku nyingi hakugusa kitu, akanyoosha mkono kuelekea bakuli. Kalunde akaushika ule mkono, akaurudisha.

Mtemi akasema jua lizame, lichomoze, lifike utosini. Mama akiwa bado amesimama, mtoto ale. Kalunde akachukua mchi, akatwanga mtama mbele yao ili waione mikono yake. Kesho yake asubuhi alikuwa bado anatwanga. Mihayo alikuwa amekaa karibu naye, utani wote umemkauka.

"Shemeji, tumbo vipi?"

"Linauliza kama uyoga umebaki."

Jua likafika utosini. Mtemi akasema, "Mpe." Siku ile Mwashi alikunywa mchuzi tu, kijiko kwa kijiko. Siku iliyofuata akatafuna. Siku ya tisa uvimbe ulikuwa umepungua miguuni, akainuka alipowekwa, akayumba hadi kwenye bakuli la Mihayo na kudokoa uyoga wake. Mihayo alipolivuta bakuli, mtoto akaangua kilio kilichosikika mpaka mtoni.

"Mwache alie, Shemeji," Kalunde akasema. "Nilikuwa nimeisahau sauti yake."

Na tangu siku hiyo, mvua za kwanza zikinyesha, uyoga hutoboa kichuguu. Hauna damu, hauna mfupa, haukimbii wala haupigi teke, lakini umebeba nguvu za nyama, na ukiukausha utakusitiri hata mawingu yakiondoka. Wanaoujua hawabomoi kichuguu, na huacha mmoja uzeeke. Na aliyeuchuma ndiye huonja wa kwanza, mbele ya wote. Msije mkadhani ulimi wake unaondoa sumu. Anaonja kwa sababu anajua alichokichuma, na asichokijua alikiacha hukohuko porini. Wawindaji huizuia mikono yao mirefu isifike bakulini, wakimtazama. Hata mtemi husubiri mwanamke ameze.