Prosesa Mpya ya Mjomba Kitwana

Mjomba Kitwana alikuwa mkarimu mno: mpwawe Salha alipomwomba kompyuta yake kuukuu ya kusomea, alimpa mawaidha. Kisha akainunulia kompyuta hiyo prosesa mpya kabisa, ubongo wake, iliyosifiwa na Salha mwenyewe, akamwamuru aifunge bure.

"Haikai kwenye mazabodi hii, ubao wa ndani, mjomba. Ni ya zamani."

Akanunua mazabodi mpya.

"Ramu zako nazo, za kumbukumbu, haziingii humu."

Akanunua ramu, huku akifoka.

"Na kasha hili ni dogo."

Akanunua kasha. "Sasa ondoa takataka hizi kuukuu hapa, ukazitupe!"

"Sawa, mjomba," Salha akajibu kwa adabu, akazibeba zote, kuanzia prosesa ya zamani hadi kasha.

Wiki iliyofuata mjomba alimkuta kwao anasoma kwenye kompyuta.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Zile takataka uliniambia nikazitupe, mjomba. Nikaja kuzitupa nyumbani."