Kwa Nini Chungu cha Mbolea Hukaa Njiani

Nyinyi mnaopita hapa mmeziba pua, hebu simameni msikie. Zamani mbolea ilikuwa na mwenyewe. Ng'ombe wote wa milima hii walikuwa wa Mbonea, na samadi yote ilikuwa yake. Asiye na samadi alilima mpaka udongo ukachoka, kisha Mbonea akalichukua shamba. Ndiyo ilikuwa desturi, na watu waliinamisha vichwa wakaikubali.

Nakijwa hakuikubali. Alikuwa mjane mwenye kishamba kimoja cha mboga kando ya njia ya mifugo, urithi wa mama yake. Msimu ule mchicha wake ulitoka wa njano, na Mbonea akaanza kukipima kishamba kwa macho.

"Hapa huchukui kitu," Nakijwa alimwambia. "Labda unizike humu kwanza."

Alichokuwa nacho tele ni magugu. Akayang'oa, akayakatakata, akayashindilia katika chungu kikubwa, akajaza maji na kufunika. Kila asubuhi aliyakoroga kwa mti. Yakavunda, na harufu iliyotoka, jamani, ingemkimbiza fisi! Tuta la kwanza alilolimwagia liliungua lote, akalia kwa hasira. Kisha akayazimua kwa maji mengi, mpaka yakawa na rangi ya chai nyepesi, akamwagia mashinani, si kwenye majani.

Mbonea akatuma wazee. Walifika wameziba pua.

"Mama, mwaga uozo huu. Au basi ufiche nyuma ya nyumba."

"Simwagi, wala sifichi. Ng'ombe wa Mbonea wakinya njiani, nani kati yenu huziba pua?"

Palepale Nakijwa akakiburura chungu hadi ukingoni mwa njia, kila apitaye akione na akinuse. Walimcheka, wakamtenga, naye akaendelea kukoroga. Mvua zilipokwisha mchicha wake ulikuwa umekolea kijani, majani mapana kama viganja. Waliomcheka wakaanza kuja mmoja mmoja, kwa aibu, kuuliza anafanyaje. Akawafundisha wote.

Mwaka uliofuata maradhi yaliingia zizini kwa Mbonea, ng'ombe wakaisha. Migomba yake ikapauka. Asubuhi moja akaja mwenyewe, kibuyu mkono mmoja, mkono wa pili puani.

"Nimekuja kuomba," alisema.

"Shusha mkono kwanza, Mzee Mbonea."

Mbonea aliwatupia jicho majirani waliokuwa wakimtazama. Kisha akaushusha, akavuta pumzi. Ndipo Nakijwa alipochukua kata akamjazia kibuyu.

Na tangu siku hiyo, katika milima hii chungu cha mbolea ya maji hukaa kando ya njia, wala hakuna anayenyang'anywa shamba kwa kukosa samadi. Mwenye shida huchotewa bure. Ila akija ameziba pua, atarudi na kibuyu kitupu, hata angekuwa nani.