Pimbi na Wakuu Watatu wa Kompyuta ya Chuo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao mlimani, chuo hicho kilikuwa na wakuu watatu wasiosemezana. Sogeeni msikie. Na wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako.

Mkuu wa kwanza alikuwa Bwana Kifaru, mwenyekiti wa kamati ya kompyuta. Bila muhuri wake hakuna waya uliochomekwa, na muhuri ule haukupata kuhongwa hata siku moja. Nampa haki yake.

Wa pili alikuwa Bi Twiga, mchoraji. Aliichora mifumo yote ya chuo kwenye ramani moja: usajili, mabweni, maktaba, na mistari ya kuonyesha upi unachota majina kwa upi. Ramani nzuri ajabu! Ungeitundika sebuleni.

Wa tatu alikuwa Mzee Nyati, fundi. Kompyuta ikigoma popote, huyo anakuja, gudu gudu gudu! Anaizima, anaiwasha, kisha anaandika saa na dakika kwenye daftari lake. Hakuruka hitilafu hata moja.

Mabingwa watupu! Ila walikuwa wamenuniana tangu kikao fulani walichogombea kiti cha mbele, na kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Basi kila mmoja akaifungia kazi yake kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni.

Ikaja wiki ya usajili. Kompyuta ya usajili ikapata ugonjwa: kila saa kamili inalia, "Kwiii!" halafu inazimika. Nyati anaiamsha kwa jasho karibu saa nzima, mara tena, "Kwiii!" Foleni ya mwaka wa kwanza ikazunguka jengo. Na amri ilikuwa moja: ambaye jina lake halijaingia Ijumaa jua likizama, nafasi yake imepotea.

Ndani ya foleni hiyo alikuwamo Pimbi, mnyama mdogo kama boflo la mkate. Miaka mitatu aliomba nafasi akanyimwa. Mwaka huu alipata, na barua ya kuitwa aliisoma mpaka ikachanika mikunjoni.

"Nafasi hii ikinipita nitalia mbele za watu," alisema asubuhi ya Ijumaa, akatoka kwenye foleni, mbio, mpaka kwa Nyati.

"Shikamoo mzee. Kompyuta inaumwa nini?"

"Marahaba. Mimi natibu tu. Chanzo labda anakijua Twiga mwenye ramani."

"Si umpelekee daftari lako alitazame?"

"Thubutu! Mpaka Kifaru aniandikie kibali."

Akaenda kwa Kifaru. "Sitoi kibali," alisema Kifaru, "mpaka nione ramani ya Twiga."

Akaenda kwa Twiga. "Siifungui ramani," alisema Twiga kutoka huko juu, "mpaka nione daftari la Nyati."

"Salale!" Pimbi akajishika kichwa. "Nimezunguka nimerudi nilipoanza!"

Mwingine angekwenda kufunga virago. Pimbi alikaa chini akafikiri, kisha akarudi kwa Kifaru.

"Mheshimiwa, hujasikia? Twiga na Nyati wanakuja kukuomba radhi! Saa tisa, chumba cha mikutano."

"Ebo! Wameliona kosa lao?"

"Wameliona. Njoo na kitabu chako cha vibali, ukifungue mezani, waone kazi ya mkubwa ilivyo."

"Na niseme nini?"

"Usiseme kitu. Anayeombwa radhi hukaa kimya, wenye makosa ndio wanaoanza."

"Desturi hiyo naijua, kijana. Unanifundisha mimi?"

Pimbi akaenda kwa Twiga, maneno yale yale. Akaenda kwa Nyati, yale yale. Mnaona ujasiri huo?

Saa tisa wakaketi. Kitabu kimefunguliwa, ramani imetandazwa, daftari liko wazi. Kimya. Kifaru akakohoa, "Kho!" Wenzake wakatazama dari. Dakika kumi. Dakika ishirini. Kila mmoja anangoja aombwe radhi!

Macho nayo yakichoka kutazama dari hushuka. Shingo ya Twiga ikainama kidogo, ikainama tena, mpaka juu ya daftari la Nyati.

"Mzee Nyati," akaropoka, "ni saa kamili kila mara?"

"Kila mara, bibi. Mara arobaini na moja."

"Mbona hukuniambia! Tazama mistari hii. Mabweni na maktaba, wote huchota majina kwa usajili. Sijui tu ni saa ngapi."

Wakamgeukia Kifaru. Kifaru akafunua kurasa, fyu, fyu, kisha masikio yakamlegea.

"Maktaba, kila saa kamili. Niliwapa kibali mwezi wa tatu. Mabweni... kila saa kamili. Niliwapa mwezi wa tano."

"Wanasukumana mlangoni!" alifoka Nyati. "Usajili unazimia katikati!"

"Maktaba wachote alfajiri, mara moja tu," alisema Twiga.

Hapo ningewavulia kofia. Kifaru akagonga muhuri, pa! Twiga akachora mstari mpya, chwaa! Nyati akatoka mbio, gudu gudu gudu! Saa kumi ikafika, kompyuta kimya. Saa kumi na moja, kimya. Foleni ikaanza kwenda.

Nyati aliporudi chumbani, Kifaru akakunja mikono. "Haya, kazi imekwisha. Niombeni radhi."

"Sisi?" alisema Twiga. "Wewe ndiye wa kuniomba mimi!"

"Nyote wawili mniombe mimi!" alisema Nyati. "Pimbi kaniambia."

Wakatazamana. "PIMBI!"

Wakatoka nje wakitimua vumbi. Pimbi alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye dirisha la usajili, na jua limebaki wembamba tu mlimani. Akikimbia anapona, lakini nafasi inakwenda. Hakukimbia.

"Wakuu wangu," alisema, "radhi mliyoahidiwa ni haki yenu, na mwenye kuiomba ni mimi. Nimewadanganya wote watatu, tena kwa uongo mmoja, hata maneno sikubadilisha. Nisameheni."

Nyati ndiye aliyeanza kucheka. Twiga akafuata. Kifaru alimkazia macho Pimbi, akamkazia na karani wa dirishani.

"Unangoja nini? Andika jina lake!"

Tii! Likaingia. Na jua likazama.

Kifaru akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Twiga. Nyati. Ijumaa ijayo saa tisa. Mje na ramani na daftari."

Basi jueni hivi, wanangu: bingwa hapungukiwi na kitu akiichungulia kazi ya mwenzake.