Kizibo cha Jino la Mama Ngiri

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi wanyama walipokuwa na wakwe, majirani na foleni kama sisi, porini kulikuwa na mganga wa meno mmoja tu: Daktari Fisi. Nani angebishana na taya zile?

Jino lako likitoboka, Fisi aliliziba. Kizibo kikidondoka, ulilipa upya. Sheria yake ilikuwa moja: "Mwenye mdomo ndiye mwenye kosa." Na kila aliyedondokewa aliona haya, akanyamaza, akidhani ni yeye peke yake asiyejua kutafuna. Ndivyo wizi unavyonenepa, jamani!

Asubuhi moja Nguchiro alikuwa juu ya mgongo wa jirani yake, Mama Ngiri, akimtoa kupe kama ilivyo kawaida yao. Mara, chubwi! Kitu kikaanguka kwenye bakuli la uji wa moto aliokuwa akinywa mama.

"Mama wee!" akalia Mama Ngiri, ameshika shavu. "Kizibo changu! Hata mwezi hakijamaliza!"

Nguchiro akateremka mbio. "Na sasa?"

"Sasa nimpelekee daktari kapu jingine la viazi. Limebaki moja tu, lile la mbegu."

"La mbegu! Mvua ikinyesha utapanda nini, mama? Watoto watakula nini?"

"Kosa langu, mwanangu. Sijui kutafuna."

Nguchiro akamtazama kwa jicho moja. "Daktari alikukataza nini?"

"Alisema nisitafune mifupa."

"Na wewe umetafuna mfupa lini?"

"Ala! Mimi? Mimi wa mizizi na nyasi?"

"Uji wa moto je, alikukataza?"

"Uji hakuutaja."

Nguchiro akakiopoa kizibo, akakinusa. Nfu, nfu. Kilinukia mzinga wa nyuki. Akakiweka juu ya jiwe lililopigwa jua, wakakaa wawili hao kukitazama. Kikalainika. Kikalala. Kikawa tone la mafuta.

"Nta," akasema Nguchiro polepole. "Mama, umezibwa kwa nta."

"Usimsingizie mtu mzima! Labda dawa zote za meno ndivyo zilivyo."

"Labda. Beba kapu lako twende. Ila tukifika huko, mengine niachie mimi."

Barazani kwa Fisi foleni ilikuwa ndefu. Nyumbu shavu limevimba kama papai. Swala amejifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini. Kila mmoja alimwangalia mwenziwe kwa pembe ya jicho, na hakuna aliyetaja amerudi mara ya ngapi.

"Hihihiii!" Fisi akacheka. "Mama Ngiri tena! Safari hii umetafuna nini, mawe?"

"Hajatafuna kitu," Nguchiro akadakia. "Kazi yako ndiyo iliyoharibika. Irudie, tena bila malipo."

"Ebo! Kidudu hiki kimetoka wapi? Hebu nikuulize: ukinunua chungu kwa mfinyanzi, kikakuvunjikia nyumbani kwako, utarudi kudai kingine?"

"Kikinivunjikia, sirudi. Kikivuja siku ya kwanza, nitarudi nacho kichwani, nikipiga kelele njia nzima."

Kwenye foleni mtu akakohoa kuficha kicheko. Fisi akatoa meno yote nje. "Kapu la viazi, au aende na tundu lake!"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Haya, daktari, umenishinda. Kapu hili hapa." Akalisogeza miguuni pa Fisi. "Ila fanya haraka. Kesho mama yake Simba anakuja kwa Mama Ngiri kulitazama jino hili. Na lake limetoboka. Akikuta kizibo kimeshika, ataletwa kwako."

Fisi akasita. "Nani kakwambia?"

"Usiniamini."

"Mbona Simba hakuniletea mjumbe?"

"Nimesema usiniamini, daktari. Tia dawa yako ileile. Bibi akija akakuta tundu, utamsomea sheria: mwenye mdomo ndiye mwenye kosa. Ataelewa tu, bibi wa watu."

Fisi akamtazama Nguchiro. Akamtazama Mama Ngiri. Akachungulia njia, akanusa upepo mara mbili. Kicheko chake kikatoka kidogo, kimekauka: "Hi... hi."

"Kaa," akamwambia Mama Ngiri. "Wengine nje!" Akavuta pazia, shwaa!

Nguchiro hakutoka. Alikuwa amejibana chini ya kigoda, macho tu.

Mezani palikuwa na kibuyu kikubwa cha nta. Fisi hakukigusa. Akapanda juu ya kinu, akapapasa nyuma ya boriti, akashusha kibuyu kidogo chenye utomvu mweusi, mzito kama lami. Akauchanganya na vumbi la mawe, akaushindilia tunduni. Ko! Ko! Ko! Akasubiri ukauke, akaugonga tena kwa ukucha.

"Hiki utazikwa nacho," akajisifu.

Shwaa! Pazia likafunguka lote. Nguchiro alikuwa amesimama juu ya meza.

"Ndugu zangu! Daktari ana vibuyu viwili! Hiki cha nta ni chenu. Hiki cheusi ni cha wanaoogopwa. Nani mwingine amedondokewa?"

Swala akainua ukwato mmoja. "Mimi. Mara ya tatu."

"Mimi ya tano," akanguruma Nyumbu. "Na muda wote nilidhani ni mimi tu!"

"Na mimi!" "Na mimi!"

Fisi akajibana ukutani. "Sikilizeni, jamani! Utomvu huu ni adimu! Ni wa wagonjwa maalumu!"

"Mama Ngiri amekuwa maalumu tangu lini?" akauliza Nguchiro.

"Si mama yake Simba anakuja kesho?"

"Nani, yule? Sijamwona tangu masika."

"Umenidanganya!"

"Naam, nimekudanganya. Uongo wangu umedumu muda wa kuziba jino moja. Wako umedumu miaka. Sasa tuambie: dawa imara uliijua, ukaificha, ukatutilia dhaifu. Kosa ni la mdomo au la mkono?"

"La mkono!" foleni nzima ikaitika.

Nyumbu akasimama mlangoni na pembe zake. Fisi akazitazama pembe, akalitazama dirisha. Dirisha lilikuwa dogo.

Siku ile aliziba meno mpaka mkono ukafa ganzi, bila kupokea hata kipande cha muhogo. Mama Ngiri, aliyeamka asubuhi akiomba radhi kwa ajili ya jino lake mwenyewe, akalinyanyua kapu la mbegu kutoka miguuni pa daktari, akamwambia, "Nipishe," akaenda zake shambani.

Nami naishia hapo, wadogo zangu, nanyi shikeni hili: kabla hujakilipia kilichoharibika, muulize kwanza aliyekitengeneza alitia nini.