Maswali ya Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa! Walio nyuma sijawasikia.

Pakawa!

Haya. Watoto wakae mbele, wakubwa wawapishe. Hapo zamani za kale, nyasi zilipokuwa zikijibu zikiitwa, palikuwa na bonde, na bonde lilikuwa na mto, na mto huo ulikuwa ukikauka kila kiangazi. Ukikauka, wanyama walikunywa maji ya kisima kimoja kilichochimbwa mchangani. Kisima kimoja tu! Mlinzi wake alikuwa Mhanga, yule mchimba mashimo mla mchwa. Mhanga akazeeka, akafa, wakamzika, wakamlilia.

Wanyama wakaulizana, "Sasa nani atalinda kisima?"

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza Bwana Ngiri, mwenye pembe za mdomoni na mkia unaosimama akikimbia. Wa pili Bi Nungunungu, mjane, mwenye miiba, mwenye maneno machache. Akipita, miiba yake hulia kacha-kacha, kacha-kacha, na wanyama humpisha njia.

Wakasema, "Wasimame mbele yetu waulizwe maswali. Halafu kesho yake asubuhi tutapanga mstari, kila mtu nyuma ya anayemtaka."

"Na nani atauliza?"

"Bi Kanga! Sauti yake inafika mbali."

Kweli ilifika mbali. Kwa-kwa-kwa-kwa! Bi Kanga akiita huku, wa kule ng'ambo wanageuka. Akakubali. Lakini moyoni, jamani, moyoni mwake palikuwa na jambo. Mwaka uliopita moto uliwaka nyikani, na Ngiri ndiye aliyewaingiza vifaranga wake wote tisa katika shimo lake, yeye mwenyewe akabaki mlangoni, moto ukamchoma mgongo. Tangu siku ile Bi Kanga alimwita kaka.

Siku ya maswali ikafika. Wakaja swala, wakaja pundamilia, wakaja nyati, tifu! tifu! vumbi juu. Kima akapanda kwenye mgunga ili aone vizuri na apige kelele vizuri.

Bi Kanga akaanza na Nungunungu.

"Kisima kikikauka, utachimba wapi?"

"Penye matete, mto unapopinda. Chini pana unyevu."

"Maji yakiwa machache, nani atakunywa kwanza?"

"Wenye vichanga. Halafu..."

"Basi, basi! Na nyati wakija kundi zima kwa nguvu, utawazuiaje? Wewe mdogo hivyo! Jibu upesi!"

Nungunungu akatazama chini.

"Sijui," akasema.

"Hajui!" Kima akapiga kelele juu ya mti. "Hajui! Hajui!" Bonde zima likacheka.

Kisha Bi Kanga akamgeukia Ngiri. Sauti yake ikalainika kama manyoya ya kifuani.

"Kaka Ngiri, utatupenda?"

"Nitawapenda."

"Na humu bondeni unapenda nini zaidi?"

"Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani."

"Aaa!" wakasema swala.

"Ukichaguliwa utafurahi?"

"Nitafurahi."

Wakapiga vigelegele, wakapiga kwato. Bi Kanga akarudi kwake akiwa na moyo mwepesi. Alisema moyoni, nimemlipa kaka yangu wema wake.

Alasiri ile Ngiri akaja. Hakula chochote njiani, ingawa majani yalikuwepo. Akapiga magoti ya mbele, kama ngiri wapigavyo.

"Kaka, mbona hivyo? Kesho unashinda!"

"Dada, mbona hukuniuliza?"

"Nimekuuliza! Maswali matatu!"

"Umeniuliza napenda nini. Mwenzangu umemuuliza maji. Unadhani mimi siwezi kuulizwa maji?"

Bi Kanga akababaika. "Nilikuwa nakulinda. Wewe uliwaingiza wanangu shimoni moto ukiwaka. Mimi nikutupe motoni?"

"Maswali si moto, dada." Ngiri akavuta pumzi. "Nikisimama pale kisimani, kiangazi kitaniuliza. Kiangazi hakina kaka wala dada. Usiponiuliza wewe unayenipenda, nitaulizwa na kile kisichonipenda, na watoto wa watu wana kiu. Leo wamenishangilia. Lakini hawanijui. Hata mimi sijijui."

Bi Kanga akaparua mchanga kwa kucha.

"Na Nungunungu," Ngiri akasema, "ulimwona alivyoondoka?"

Hakumwona. Alikuwa akimtazama Ngiri.

Basi akaenda. Akatembea, tip-tip-tip, mpaka kwenye pango la Nungunungu. Akamkuta akitafuna mzizi.

"Hodi, mama."

"Karibu."

Wakakaa. Mzizi ukatafunwa. Kwa taabu Bi Kanga akasema, "Nimekuja kwa ajili ya maswali yale. Yalikuwa magumu."

"Magumu ni sawa," Nungunungu akajibu. "Kisima ni roho za watu. Anayekitaka aulizwe mpaka jasho limtoke. Lakini nikuulize na mimi, moja tu. Ulikuwa unataka nijibu, au ulikuwa unataka nianguke?"

Bi Kanga akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka, doa juu ya madoa.

"Nilitaka uanguke," akasema.

Nungunungu akaacha kutafuna. Akamtazama sana. "Haya. Umesema kweli. Wengine hunicheka wakaenda zao. Mwenye miiba haulizwi hata hali." Akamkatia kipande cha mzizi. Bi Kanga akala. Kilikuwa kichungu, akakimaliza.

Kulipopambazuka wanyama wakaja kupanga mstari. Wengi walikuwa wameshaanza kumwelekea Ngiri. Bi Kanga akaruka juu ya kichuguu. Kwa-kwa-kwa-kwa!

"Ngojeni! Jana nilikosea. Mmoja nilimuuliza ili aanguke, mwingine nilimuuliza ili apite. Nilimpendelea kaka yangu. Naomba niulize upya, maswali yaleyale kwa wote wawili. Na mkitaka mwulizaji mwingine, nitashuka."

Minong'ono, minong'ono. "Ashuke!" Kima akasema. "Ashuke!"

Nyati mmoja jike, mzee, akapiga kwato moja. Tu! "Jana hakuona, leo ameona. Aulize."

Bi Kanga akaanza na Ngiri.

"Kisima kikikauka, utachimba wapi?"

Ngiri akafikiri. "Mimi huchimba pa kulala. Pa maji sijawahi. Sijui."

"Maji yakiwa machache, nani atakunywa kwanza?"

"Wenye vichanga, kama alivyosema mwenzangu. Na wagonjwa."

"Nyati wakija kwa nguvu?"

"Nitasimama mlangoni nipigane."

Nyati wakatazamana. Bi Kanga alitamani kunyamaza hapo. Angenyamaza, kaka yake angebaki shujaa. Lakini akamtazama machoni, akauliza, "Na ukishindwa, kaka?"



"Nikishindwa," Ngiri akasema polepole, "nitakuwa nimekufa, na kisima hakina mlinzi. Hilo sikulifikiria."

Hakuna aliyecheka. Hata Kima.

Akamgeukia Nungunungu. Akauliza la kwanza, akauliza la pili, na safari hii akamwacha amalize. Akauliza la tatu. Nungunungu akanyamaza. Wanyama wakaanza kujikunakuna. Bi Kanga akangoja. Akangoja tena.

"Jana nilisema sijui," Nungunungu akasema. "Kwa miiba yangu siwezi kuzuia kundi zima. Lakini nyati wana mama zao. Nitawaendea kabla ya kiangazi, wakiwa bado wameshiba. Tutapatana zamu. Mwenye kiu hasikii, aliyeshiba husikia."

Yule nyati jike akatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo.

"Bado moja," Bi Kanga akasema. "Ngiri nilimuuliza, na wewe ni haki yako. Mama, humu bondeni unapenda nini?"

Nungunungu akashtuka. Miiba ikalia kacha. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Napenda..." Akakitazama kisima. "Napenda watoto wanavyokunywa. Ile sauti ya ulimi majini. Mimi wangu hawakukua."



Wakapanga mstari. Wa Ngiri haukuwa mfupi, lakini wa Nungunungu ulifika hadi ukingo wa mto. Bi Kanga hakusimama popote. Mwulizaji hana mstari. Alibaki juu ya kichuguu, na moyo wake ulikuwa nyuma ya Ngiri peke yake, na uliuma.

Kiangazi kikaja. Kisima kikakauka. Nungunungu akamwendea Ngiri: "Mimi najua pa kuchimba, lakini wewe una pembe." Wakachimba penye matete, siku tatu, kwachu! kwachu! mpaka mchanga ukalowa, mpaka maji yakachuruzika. Vichanga wakanywa kwanza, kisha wagonjwa, kisha nyati kwa zamu, wakinung'unika lakini wakipanga foleni.

Ngiri akaja kukaa karibu na Bi Kanga, matope hadi masikioni.

"Dada, siku ikifika, nitagombea tena. Sasa najua pa maji."

"Gombea, kaka."

"Utaniuliza wewe?"

"Nitakuuliza."

"Hutanionea haya?"

"Nitakuuliza mpaka utoke jasho," Bi Kanga akasema, na Ngiri akacheka mpaka matope yakamdondoka.

Mnasikia, watoto? Na ninyi wakubwa, mnasikia? Anayeuliza kwa niaba ya watu asimbembeleze ampendaye wala asimkomoe asiyempenda. Swali gumu si chuki, na swali laini si upendo. Haki ni kuwauliza wote ukitaka kweli kusikia jibu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aende nayo, aliyesinzia amuulize jirani yake.